Shukrani Zilizoupita Mlango wa Jirani



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, safu yetu wiki hii ilikuwa izungumzie malezi ya watoto wakati wa likizo ya Desemba. Nimeiahirisha mada hiyo kwa sababu ya ujumbe mmoja uliofika katika simu yangu kutoka Marekani, nao umenikosesha usingizi siku kadhaa.

Ujumbe huo ni wa binti wa kaka yangu anayesoma huko. Aliniandikia hivi: "Shikamoo Shangazi. Alhamisi hii huku ni Siku ya Shukrani. Chuo kimefungwa na bweni limebaki tupu. Mama mmoja wa hapa jirani, si Muislamu, amenialika nikale kwao. Amesema wao watakula bata mzinga, lakini mimi atanipikia samaki, maana ameuliza akaambiwa kuwa nyama yao hatuli. Je, sisi Tabora tuna siku kama hii?"

Kwa wasioijua, siku hiyo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, nchi yake ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1941 Bunge lao likapitisha sheria ya kuithibitisha Alhamisi hiyo ya nne. Watu husafiri kutoka kila pembe ya nchi, wakakusanyika katika nyumba za wazee wao wakala pamoja. Wasio na jamaa karibu, au wasiotaka taabu ya jikoni, huenda kula hotelini na marafiki. Wakanada nao wana siku yao, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Sisi Waislamu sikukuu zetu ni mbili, Idul-Fitri na Idul-Adh-ha, nazo zinatutosha. Ama hukumu ya kuitikia mwaliko wa jirani asiye Muislamu katika siku kama hiyo, hilo nawaachia masheikh waliobobea, na binti nimemwelekeza kwa imamu wa msikiti wa mji anaokaa.

Swali lake la mwisho nililijibu mwenyewe, upesi, tena kwa majivuno kidogo. Nilimwandikia: "Mwanangu, sisi hatungoji Novemba. Mtoto akizaliwa tuna akika, mtu akioa tuna walima. Msafiri akirudi salama, mgonjwa akipona, mpunga ukiingia ghalani, twachinja na kulisha watu. Tabora ni mji wa shukrani." Nikatuma. Kisha nikaiweka simu chini, nikaikumbuka karamu ya shukrani tuliyoifanya sisi wenyewe mwaka jana, nikaona haya.

Karamu ya mwaka jana

Baba yetu alipatwa na kiharusi. Kwa miezi mitatu alilala kitandani, mkono na mguu wa kulia hauna nguvu, ulimi mzito. Sisi watoto wake tu sita, tumetawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Kahama na Muscat, na mimi niliyebaki Tabora nina kazi ya asubuhi hadi jioni. Mama yetu ni mtu mzima, hawezi kumgeuza mgonjwa peke yake. Aliyemsaidia ni jirani, mjane anayeuza karanga sokoni, na uyoga msimu wa mvua ukifika. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Kila alfajiri baada ya swala alipita penye uwazi wa ua ule, akashika upande mmoja wa shuka, mama akashika wa pili, wakamgeuza mzee. Ndipo alipokwenda kutafuta riziki yake. Jioni alirudi na uji wa ulezi katika chupa ya chai. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemlipa.

Kwa rehema za Allah baba alipona. Ijumaa ya kwanza aliyokwenda msikitini kwa mkongojo, mama alisujudu sijda ya shukrani pale pale uani. Sisi watoto tukasema jambo hili haliwezi kupita kimya. Kaka mkubwa akafungua kundi la WhatsApp, nami nikateuliwa kuwa mweka hazina. Mchango ulikuwa shilingi elfu hamsini kwa mtu mmoja, elfu themanini kwa mke na mume. Aliyechanga aliandikwa, na aliyeandikwa alipewa kadi. Tulikodi ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, mpishi, mpiga picha na keki kubwa yenye jina la baba.

Ndugu msomaji, orodha ya wageni ndiyo ilikuwa orodha ya waliochanga. Jirani yetu hana simu ya namna ile, hakuwemo katika kundi, hakuchanga, basi hakuandikwa. Sikulifuta jina lake kwa makusudi. Sikulikumbuka kabisa, na hilo naliona zito zaidi. Mama alidhani nimemwalika.

Katikati ya karamu baba aliniita kwa mkono. Ulimi ulikuwa bado haujafunguka vyema, akaniuliza neno moja tu: "Jirani?" Nikamjibu, "Yupo, Baba, yuko huko nyuma." Nilimwambia baba yangu uongo, katika karamu ya kumshukuru Mola kwa ajili yake. Akageuka, akatazama huko nyuma kwa muda mrefu, kisha akakiweka kijiko chini.

Dini yetu inasemaje?

Tangu siku ile nimerejea mara nyingi katika mafundisho tuliyoyasoma tukiwa wadogo madrasa, tukayahifadhi tusiyatie maanani. Abu Hurayra (r.a.) amesimulia kwamba chakula kibaya mno ni kile cha walima ambao matajiri huitwa na maskini huachwa. Hakikutajwa kuwa kibaya kwa kukosa chumvi au kwa kuwa cha haramu. Kibaya chake kimo katika orodha ya walioalikwa. Nilipoisoma tena hadithi hiyo nilijiuliza ni kadi ngapi nilizoziandika kwa mkono wangu, na katika hizo ni ngapi zilikwenda katika nyumba isiyokuwa na kitu.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifanya walima mara kadhaa. Alipomwoa Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.) alichinja kondoo, na wapokezi wanasema hakupata kufanya walima mkubwa kuliko huo kwa wakeze wengine. Alipomwoa Bibi Safiyya (r.a.) akiwa safarini, hapakuwa na mkate wala nyama. Palitandikwa ngozi, watu wakaweka walichokuwa nacho, tende, samli na jibini kavu, wakala, na huo ukawa walima. Abdurrahman bin Awf (r.a.), aliyekuwa mfanyabiashara mwenye mali, aliamrishwa afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Kiwango, basi, kiliwekwa chini ili kila mtu aweze kukifikia. Sisi tumekipandisha, kisha tunakwenda kukopa ili tukifikie.

Liko jambo la pili. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Wengi wetu husema, "Mimi namshukuru Mola wangu, yanatosha." Hayatoshi. Mola aliitika dua zetu kwa baba kupitia mikono ya mtu, nayo ilikuwa mikono yenye sugu za kumenyea karanga. Tulipomshukuru Mponyaji tukamsahau aliyetumwa, shukrani yetu ilikuwa na kilema.

Mji uliojengwa kwa kupokea wageni

Jambo hili linatia uchungu zaidi likitendeka Tabora. Wazee wetu waliuita mji huu Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, nao ulikua kwa sababu ya wasafiri. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa na hapa ikagawanyika. Moja iliendelea magharibi hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuja na mizigo ya kilo 30 hivi mabegani, baada ya miezi ya njaa, homa na kiu. Aliyefika Kazeh alishukuru kwa kuwa yu hai.

Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, wakiwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, aliyewapokea na kuwakirimu ni mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Burton ameandika kwamba mtu huyo alianza maisha yake Muscat akiwa mtengeneza halua, na ameusifu ukarimu wake na wa wenzake kwa maneno mengi. Nyumba za tembe za wakati ule zilikuwa na baraza mbele, mahali pa kumkalisha mgeni kabla hajaulizwa ametoka wapi. Tembe ya Kwihara, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, ingali inatembelewa hadi leo. Na miembe mikubwa iliyopandwa kandokando ya njia ile ingali inatupa kivuli na matunda kila msimu ukifika.

Hata hivyo, tukiusifu ukarimu ule tuseme na ukweli wake. Mali iliyowakirimu wageni wale ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa. Waliotwanga mpunga, walioteka maji na waliokoka moto wa karamu zile, wengi wao walikuwa watu waliotekwa makwao, na hakuna msafiri aliyeandika majina yao wala kueleza walikula nini wageni walipokwisha kushiba. Sura ya Al-Insan inawasifu watu wema kwa kuwalisha chakula maskini, yatima na mateka, ilhali wao wenyewe wanakipenda chakula hicho, wala hawataki malipo kwao wala shukrani. Mateka ametajwa humo kwa jina lake. Karamu inapimwa kwa hali ya mtu wa mwisho aliye karibu nayo, ambaye hana nguvu ya kudai sahani.

Msidhani hayo yamepita na misafara. Katika nyumba zetu yuko binti wa kazi, pengine ametoka Sikonge au Urambo, ambaye siku ya karamu huamka saa tisa usiku na hula saa tano ya usiku unaofuata, ukoko wa sufuria. Mtume (s.a.w.) ameagiza kwamba mtumishi akimletea mmoja wetu chakula, amkalishe wale pamoja, na kama hakumkalisha basi ampe tonge moja au mawili katika chakula kile kile, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto lake na taabu ya kukipika. Dada zangu, siku ya karamu inayokuja, mtazameni binti huyo anakula saa ngapi.

Nyumbani au hotelini?

Baadhi yenu mtaniuliza: je, kosa lilikuwa ukumbi? Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia akilaumu vijana wa siku hizi kwa kula hotelini siku ya Idi, akasema baraka iko nyumbani peke yake. Mimi siafiki moja kwa moja.

Kula nje si haramu wala si aibu, ikiwa chakula ni halali, mahali ni pa heshima, pombe haimo, na swala haikosi wakati wake. Yako manufaa pia. Mama aliyepika miaka arobaini anastahili siku moja ya kukaa na kuletewa sahani. Vijana wanaoishi chumba kimoja Dar es Salaam, ambao hawana ua wa kuweka mafiga, watawakaribisha wapi wenzao wasipokwenda mkahawani? Mume akimtoa mkewe na watoto, wakala kuku na chipsi au mgebuka wa Kigoma, wakacheka na kurudi nyumbani, hiyo nayo ni neema, na kuishukuru ni wajibu.

Hata hivyo hotelini pana mlango, na katika mlango pana mtu anayekagua kadi. Nyumbani, hasa nyumba zetu za Tabora, mlango wa uani hauna mlinzi. Harufu ya pilau hupita juu ya michongoma, na aliyeinusa ana haki nayo. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa kwamba akipika mchuzi aongeze maji na awaangalie jirani zake. Katika ukumbi sufuria limefichwa, jirani hasikii harufu, nasi tunasahau kwamba yupo. Kwa hiyo anayekwenda hotelini aanze kwa jirani. Apeleke sahani kabla hajaondoka, au kilo mbili za mchele na nyama yake, na amweleze kinachoshukuriwa. Hapo atakwenda hotelini kwa raha.

Kuhusu michango nitasema machache. Kusaidiana ni jambo jema, na wazee wetu walisaidiana kwa debe la mpunga, kuni, kuku na mikono ya kazi. Aliyekosa kuku alikuja kuchambua mchele, na wote wakakaa mkeka mmoja. Mchango ukigeuka kuwa kiingilio, shukrani imegeuka kuwa biashara. Na aliyekopa ili achangie shukrani yako, karamu ikiisha ana deni la kulipa, nawe una picha za kutazama.

Tulivyofanya mwaka huu

Mwezi uliopita baba alitimiza mwaka tangu apone. Alikuwa sasa anazungumza vizuri, akasema, "Nataka nishukuru upya. Ile ya kwanza sikuila." Hatukufungua kundi lolote. Alinunuliwa mbuzi mmoja, mchele tukautoa ndani, na mikeka ikatandikwa chini ya mwembe. Tulichagua Ijumaa baada ya swala. Asubuhi ya siku ile baba alichukua mkongojo wake akapita mwenyewe penye uwazi wa ua. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimeinamisha kichwa.

Alipiga hodi. Jirani alitoka akifuta mikono kwa khanga, akasema, "Shikamoo Mzee, kulikoni mbona umejisumbua?" Baba akamwambia, "Marahaba mwanangu. Nimekuja kukualika chakula, na nimechelewa mwaka mzima."

Alikuja, tena mapema, na bakuli la karanga za kukaanga. Hakukubali kukaa tu. Alichambua mchele pamoja na mama, na wakati wa kula mama alimvuta wakala sinia moja. Wageni walipotawanyika nilimkuta anasafisha masufuria. Nikachuchumaa karibu naye nikamwomba radhi kwa kutompa kadi mwaka jana.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Kadi?" akasema. "Mimi sikujua habari ya kadi, mwanangu. Siku ile nilirudi kutoka sokoni mchana, nikakuta nyumba yenu imefungwa. Watoto wa mtaani wakaniambia Mzee amepakiwa katika gari na magari mengi yamemfuata. Nikajua amezidiwa. Nikapika uji upesi, nikaenda nao hospitali. Nilizunguka wodi za wanaume hadi magharibi, nikiuliza kila kitanda. Niliporudi usiku nikawasikia mnacheka uani, nikamshukuru Mungu, nikalala."

Sikuwa na la kumjibu. Wakati sisi tunakata keki yenye jina la baba, yeye alikuwa anamtafuta kwa miguu na chupa ya uji mkononi. Na kwa mwaka mzima hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuona lolote la kulalamikia. Alinipa sufuria akasema, "Shika hapa, tulisuuze." Nikashika.

Ndugu msomaji, nimeandika aibu yangu gazetini kwa kuwa naamini nyumba yetu si peke yake. Baada ya wiki chache zitaanza harusi za Desemba, kisha mahafali, kisha maandalizi ya Ramadhani. Kabla ya kuandika orodha ya wageni, kaa na mkeo au mumeo na watoto, mjiulize: neema hii tunayoishukuru ilitufikia kwa mikono ya nani? Mfundishe mtoto aliyefaulu mtihani ampelekee kwanza sahani mwalimu wake wa madrasa na yule jirani aliyemkopesha taa. Majina hayo yaandikwe juu, na ya waliochanga yafuate.

Binti wa kaka yangu nimemwandikia tena. Nimemwambia jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka, na kwamba Tabora ni mji wa shukrani pale tu watu wake wanaposhukuru. Nimemweleza pia kwamba mama yule aliyeuliza mgeni wake anakula nini kabla hajawasha jiko, ametenda jambo ambalo shangazi yake alishindwa kulitenda kwa jirani wa ua mmoja. Nimemwambia asiende mikono mitupu, achukue ile chupa ya asali ya Tabora niliyomfungia alipoondoka, ampe kwa mikono miwili, na amwambie asante.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru, na atusamehe tuliowasahau. Wabillahi tawfiq.